Daktari wa michezo huanzia wapi

Wanafunzi wa udaktari wanaopenda michezo huwa na swali moja: nisome nini ili niwe daktari wa michezo? Wengi hutarajia kutajiwa jina la shahada. Jibu la kweli huwavunja moyo kidogo mwanzoni, kwa sababu mlango si mmoja. Mtu huwa daktari kwanza, kisha hubobea katika fani fulani, na michezo huja juu ya fani hiyo. Madaktari wawili wanaoketi kwenye benchi moja siku ya mechi huenda mmoja amelelewa katika chumba cha upasuaji wa mifupa na mwenzake katika kliniki ya familia, akipima presha za wazee na kuchanja watoto.

Tofauti hiyo haiishii kwenye wasifu. Fani aliyopitia daktari ndiyo iliyomfundisha atazame nini kwanza, na kile asichokitazama kwanza, katika kazi hii yenye haraka, mara nyingi hakitazamwi kabisa.

Chukua msichana wa miaka 17, mkimbiaji wa masafa ya kati, anayelalamika maumivu ya muundi. Ukibonyeza mahali pamoja palepale anashtuka, maumivu huzidi akikimbia, na sasa yameanza kumsumbua hata usiku. Daktari wa mifupa atawaza ufa wa mfupa unaotokana na mzigo wa kujirudia. Ataagiza eksirei, na kwa kuwa anajua ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwa eksirei katika wiki mbili tatu za kwanza, ataomba picha ya MRI. Daktari wa familia atauliza: hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Unakula nini siku ya mazoezi makali? Umewahi kuvunjika mfupa mwingine? Daktari wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili, naye atataka kujua alikuwa akikimbia kilomita ngapi kwa wiki miezi miwili iliyopita na sasa anakimbia ngapi, amebadili viatu, amehama kutoka kwenye udongo kwenda kwenye lami?

Wote watatu wako sahihi. Lakini akitibiwa na wa kwanza peke yake, mfupa utaunga, binti atarudi uwanjani, na msimu ujao atavunjika kwingine. Mwili unaopewa nishati pungufu kuliko inayotumika mazoezini huanza kujifungia: hedhi hukoma, mifupa hupungua uzito, majeraha huchelewa kupona, hamu ya mazoezi huisha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililieleza tatizo hili rasmi mwaka 2014 na kulifanyia mapitio mwaka 2023, na ilisisitiza kwamba wanaume nao hupatwa. Kliniki inayotibu ufa wa muundi wa binti bila kuuliza habari za hedhi imeacha chanzo cha ugonjwa mlangoni.

Kwa hiyo anayeniuliza asome nini, mimi humrudishia swali: unataka macho yako yazoee kuona nini?

Miaka inavyohesabika

Kimataifa, taaluma hii ilianza kujikusanya mwaka 1928 kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko St. Moritz, madaktari walipoanzisha chama kinachojulikana leo kama FIMS, shirikisho la kimataifa la tiba ya michezo. Tangu hapo kila nchi imejipangia utaratibu wake.

Marekani hakuna ubingwa wa michezo unaoanza nao moja kwa moja. Baada ya shahada ya kwanza ya miaka 4 na chuo cha udaktari miaka 4, daktari huchukua ubingwa wa tiba ya familia, magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya dharura au utengamao, ambao kwa kawaida huchukua miaka 3 au 4. Kisha huongeza mwaka mmoja au miwili ya ubobezi wa michezo. Ukihesabu tangu kumaliza sekondari, ni miaka 12 kwa uchache. Anayetaka kupasua hupita njia nyingine: miaka 5 ya upasuaji wa mifupa na mwaka mmoja wa ubobezi wa majeraha ya michezo. Hiyo ni miaka 14.

Uingereza iliitambua tiba ya michezo na mazoezi kama ubingwa unaojitegemea mwaka 2005. Mhitimu hufanya miaka 2 ya msingi hospitalini, kisha mafunzo ya awali ya magonjwa ya ndani, dharura au tiba ya familia, ndipo aingie miaka 4 ya ubingwa wenyewe. Uholanzi nayo ilitoa utambuzi huo mwaka 2014. Italia ilitangulia wengi, na sababu yake ni sheria. Tangu 1982 mtu anayetaka kushiriki mashindano huko lazima apimwe na kupewa cheti, na kipimo cha umeme wa moyo ni sehemu ya uchunguzi huo. Sheria ikihitaji mamilioni ya vyeti, nchi itahitaji madaktari wa kuvitia saini, na ubingwa utastawi. Takwimu za jimbo la Veneto, zilizochapishwa mwaka 2006, zilionyesha vifo vya ghafla vya moyo kwa wanamichezo vijana vikishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4. Mjadala kama upimaji huo unafaa kila mahali bado ni mkali, lakini madaktari waliokulia katika mfumo huo huusoma moyo wa mwanamichezo kwa wepesi ambao wengine huupata kwa shida.

Katika nchi ambazo hazina ubingwa huu, njia ya kawaida ni kumaliza utarajali, kuchukua ubingwa wa fani mama, kisha kuongeza stashahada kama ile ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, inayosomwa kwa miaka miwili bila kuacha kazi. Ni njia halali. Kasoro yake ni kwamba stashahada ya mtandaoni haikuwekei mikono juu ya goti. Anayeipita lazima ajitafutie kliniki ya kukaa pembeni ya mwenye uzoefu, akishika viungo vilivyo vizima na vilivyoharibika hadi vidole vijue tofauti.

Kila fani na zawadi yake

Tiba ya familia ndiyo ninayoipendekeza zaidi, na najua wapo watakaonipinga. Sehemu kubwa ya yanayomleta mwanamichezo kwa daktari wa timu hayahitaji kisu: mafua, kuhara safarini, pumu, usingizi mbovu, maambukizi ya ngozi na fangasi, wasiwasi kabla ya mashindano, msuli uliovutika. Hata miongoni mwa majeraha ya misuli na viungo, mengi hupona bila upasuaji. Daktari wa familia amezoea kumwona mtu mzima mzima, amezoea kukaa na shaka bila kukimbilia vipimo, na anajua wakati wa kumpeleka mgonjwa kwa mwingine. Pungufu lake ni mikono. Uchunguzi wa bega na goti hufundishwa kwa haraka chuoni, kwa hiyo mwaka wa ubobezi hauna budi kulijaza pengo hilo, pamoja na matumizi ya altrasaundi na sindano za viungo.

Upasuaji wa mifupa huleta heshima na vichwa vya habari. Frank Jobe alihudumu jeshini katika kikosi cha tiba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuwa daktari wa kawaida kabla hajasomea mifupa. Tarehe 25 Septemba 1974 alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrusha mpira wa besiboli Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na akashinda michezo mingine 164 kabla ya kustaafu. Upasuaji huo sasa huitwa kwa jina la mgonjwa. Jambo ambalo simulizi nyingi huliruka ni mwaka ule wote wa mazoezi ya kurudi. Kisu kilichukua saa chache. Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira, na mpasuaji asiyeipenda sehemu hiyo hafai kuwa daktari wa timu, hata awe na mikono ya dhahabu.

Subira hiyo ndiyo mtaji wa madaktari wa utengamao. Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, aliwafanya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville wacheze michezo kama sehemu ya matibabu. Tarehe 29 Julai 1948 aliandaa shindano la upinde kwa majeruhi 16 wa vita, na kutoka hapo ikakua Michezo ya Paralimpiki. Hakuwa na cheti cha tiba ya michezo, hakikuwepo. Alikuwa na swali la daktari wa utengamao: mtu huyu anaweza kufanya nini kesho ambacho leo hawezi?

Wa tiba ya dharura hupata kitu ambacho hakisomwi vitabuni, yaani mikono isiyotetemeka. Nitalirudia jambo hili kwenye siku ya mechi. Udhaifu wake ni kwamba amezoea kumwona mgonjwa mara moja tu, ilhali mwanamichezo atamwona kila siku kwa miezi kumi.

Magonjwa ya moyo yamekuwa fani ndogo ndani ya fani. Moyo wa mkimbiaji mzuri unaweza kupiga mara 40 kwa dakika akiwa amepumzika na ukawa mzima kabisa. Vigezo vya kimataifa vya kusoma kipimo cha umeme wa moyo, vilivyochapishwa mwaka 2017, hutenganisha mabadiliko yanayotokana na mazoezi na yale ya ugonjwa. Kwa mfano, kwa wanamichezo weusi, mawimbi ya T yaliyopinduka kwenye vituo V1 hadi V4 yakitanguliwa na mwinuko wa sehemu ya ST huhesabiwa kuwa ya kawaida. Yakipinduka kwenye vituo vya pembeni, V5 na V6, si ya kawaida kwa mtu yeyote na lazima yafuatiliwe. Daktari asiyeijua tofauti hii atamzuia mzima au atamruhusu mwenye msuli wa moyo ulionenepa.

Je, lazima daktari awe amecheza? James Andrews, mpasuaji mashuhuri wa viwiko na mabega nchini Marekani, alikuwa mrukaji wa upondo chuoni. Jacques Rogge, mpasuaji wa mifupa wa Ubelgiji, alishindana kwenye mashua za tanga katika Olimpiki tatu kabla ya kuongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kucheza kunasaidia: unajua lugha ya chumba cha kubadilishia nguo, unajua mchezaji anavyoficha maumivu wiki ya fainali. Lakini kuna hatari yake. Aliyewahi kucheza na maumivu na akapona huamini kila mtu anaweza. Ningeajiri daktari asiyewahi kugusa mpira ambaye husikiliza kabla ya yule nyota wa zamani anayejiona ndani ya kila mchezaji.

Siku ya mechi

Watu huona dakika mbili za kukimbia uwanjani na chupa ya maji. Kazi yenyewe huanza saa mbili kabla ya mechi. Daktari hukutana na waandaaji, daktari wa timu pinzani na wahudumu wa gari la wagonjwa, na wanakubaliana kwa sauti, si kwa kudhani: nani anaongoza mtu akizimia, mashine ya kushtua moyo iko wapi na nani anaibeba, gari litatokea lango gani, lango hilo lina kufuli na ufunguo anao nani, hospitali ipi inapokea, ishara gani ya mkono inaita machela. Lango lililofungwa na mlinzi mwenye ufunguo aliyeondoka ni jambo dogo linaloweza kuua.

Kanuni kuu ni fupi: mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu na haitiki, moyo wake umesimama hadi ithibitike vinginevyo. Kosa linalojirudia ni kudanganywa na macho. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kutikisika kama mwenye degedege kwa sekunde kadhaa, akakoroma au kuvuta hewa kwa kukwamakwama, na waliomzunguka wakasema ana kifafa, au anahema. Wanamlaza ubavu na kungoja. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa, nafasi ya kupona hushuka kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Lengo ni mshtuo wa kwanza ndani ya dakika 3, na vifua vibonyezwe bila kukoma hadi mashine ifike.

Mchezaji wa soka Fabrice Muamba alipoanguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Walianza kumhudumia palepale uwanjani, na daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji alishuka kusaidia. Alipona. Christian Eriksen naye aliokolewa mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akapandikizwa kifaa cha kurekebisha moyo na kurudi kwenye soka mwaka uliofuata. Matukio kama hayo huitwa miujiza. Mimi naona watu waliokuwa wamefanya mazoezi ya zoezi lilelile mpaka mikono ikalijua.

Mkoba wa daktari nao humweleza. Ninategemea kukuta barakoa na mfuko wa kusukuma hewa, mipira ya kufungua njia ya hewa ya saizi zaidi ya moja, adrenalini kwa mzio mkali (kwa mtu mzima miligramu 0.5, sindano ya msuli upande wa nje wa paja), kipulizi cha pumu, sukari ya kumeza, mkanda wa kuzuia damu, nyuzi za kushonea, gundi ya ngozi, glavu, taa ndogo, mkasi wa kukatia jezi, na kibuyu cha maziwa au maji maalumu ya kuhifadhi jino. Jino lililong'oka hushikwa kwenye taji, kamwe si kwenye mzizi, na likirudishwa mahali pake ndani ya nusu saa lina nafasi nzuri. Kila dawa iwe na tarehe ya mwisho iliyokaguliwa. Timu ikisafiri nje ya nchi, orodha ya dawa iende na barua, maana dawa ya maumivu inayouzwa kawaida nchi moja inaweza kukufikisha mahabusu nchi nyingine.

Kwenye mbio ndefu za barabarani hali hubadilika. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa karibu na mstari wa mwisho anaweza kuwa na mojawapo ya mambo mawili yanayofanana kwa sura na kupingana kwa tiba. La kwanza ni kiharusi cha joto: joto la ndani limepita nyuzi 40, na fahamu zimeyumba. Hapimwi kwapani wala mdomoni, kwa sababu vipimo hivyo hudanganya kwa mtu aliyetoka kukimbia. Hupimwa njia ya haja kubwa. Anatumbukizwa kwenye beseni la maji ya barafu hadi shingoni, maji yakikorogwa, mpaka joto lishuke kufikia kama 39, na lengo ni kufanya hivyo ndani ya dakika 30. Apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Kumpakia kwenye gari akiwa na 41 ni kupoteza muda unaounguza ubongo wake.

La pili ni upungufu wa sodiamu kwa kunywa maji kupita kiasi. Huwapata zaidi wale wa polepole, wanaotumia saa nyingi njiani na kunywa kila kituo. Wanatapika, kichwa kinauma, vidole vimevimba hadi pete inabana. Daktari mwenye haraka huona mtu amelegea na kumtundikia dripu ya kawaida, naye anazidi kuzama. Ukipima damu ukakuta sodiamu chini ya 135 na mtu ana dalili za ubongo, anahitaji chumvi kali, mililita 100 za asilimia 3, zikirudiwa ikibidi kila baada ya dakika 10 hadi mara tatu. Ndiyo maana kwenye hema la mbio kubwa, mashine ndogo ya kupima sodiamu ina thamani kuliko katoni za dripu.

Kichwa, dawa, na nani bosi wako

Mtikisiko wa ubongo ndio unaoonyesha daktari ana uhuru kiasi gani. Fomu ya SCAT6 ya kupimia mtikisiko huo, iliyotoka mwaka 2023, huchukua dakika 10 hadi 15 ikifanywa sawasawa. Mwamuzi akikupa dakika tatu kwenye nyasi, huwezi kuimaliza, na anayesema ameimaliza hajaimaliza. Ukiona mchezaji amepoteza fahamu, amepepesuka, ametikisika au hajui ni kipindi cha ngapi, anatoka na harudi siku hiyo. Baada ya hapo apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48, kisha apande ngazi sita za kurudi mchezoni, na zile za juu, kuanzia mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa, zisubiri dalili ziishe kabisa. Ni rahisi kuandika. Ni vigumu kusema ukiwa umesimama mbele ya kocha katika dakika ya 80.

Tarehe 8 Agosti 2015, Eva Carneiro, daktari wa Chelsea, aliingia uwanjani kumhudumia Eden Hazard baada ya mwamuzi kumwita. Timu ilikuwa tayari na watu kumi, na kwa kanuni mchezaji aliyehudumiwa alipaswa kutoka kwanza, hivyo wakabaki tisa kwa muda. Kocha alimlaumu hadharani; daktari huyo akaondolewa kwenye benchi, kisha akaacha kazi. Mwaka uliofuata klabu ilifikia naye mapatano na kumwomba radhi. Kila daktari kijana anayeota kukaa kwenye benchi kubwa aisome kesi hiyo akiwa bado na ajira nyingine.

Dawa zilizopigwa marufuku ni eneo ambalo ujinga wa daktari humwadhibu mchezaji, kwa kuwa kanuni humhesabu mchezaji kuwa na wajibu kwa chochote kilichokutwa mwilini mwake. Orodha ya WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo, hubadilika kila tarehe 1 Januari. Tangu 2022 sindano zote za homoni za steroidi za kutuliza uvimbe ni marufuku wakati wa mashindano, hata ile ya ndani ya goti ambayo zamani iliruhusiwa. Na "wakati wa mashindano" huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Tramadoli iliingizwa mwaka 2024. Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 600 katika saa 8 zozote, na jumla isizidi 1,600 kwa saa 24. Kwa kipulizi cha kawaida cha mikrogramu 100, hiyo ni mivuto sita kwa saa nane. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 hairuhusiwi, isipokuwa kwa matibabu ya hospitali, upasuaji au vipimo rasmi, hata kama kilichomo ni maji na chumvi tu. Anayehitaji dawa iliyokatazwa kwa ugonjwa halisi huombewa ruhusa ya matibabu kabla ya kuitumia, kwa nyaraka kamili. Daktari anayeandika kumbukumbu zake siku hiyo hiyo hana la kuogopa. Anayejaza baadaye kwa kukumbuka hujitengenezea mashaka.

Yapo na ya kutisha zaidi. Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, alihukumiwa mwaka 2018 kwa kuwadhulumu kingono wasichana waliokuja kwake kutibiwa. Tangu hapo hakuna kisingizio: mtoto hachunguzwi bila mtu wa tatu chumbani, kila uchunguzi huelezwa kabla ya kuguswa, na lazima iwepo njia ya kulalamika isiyopita kwa daktari wala kwa kocha. Daktari anayeona masharti haya kama usumbufu asikubaliwe kufanya kazi na watoto.

Ukitaka kuingia

Usingoje ajira ya klabu kubwa; wengi hawaajiriwi na timu kwa muda wote. Maisha ya kawaida ni siku tatu nne za kliniki na siku moja mbili za mazoezi na mechi, na kliniki ndiyo inayolipa. Anza na mbio za mitaani, mashindano ya shule, ndondi za ridhaa. Chukua kozi ya huduma ya dharura uwanjani na uirudie kabla cheti hakijaisha. Weka daftari la kila mgonjwa, bila majina: jeraha, ulichodhani, picha ilionyesha nini, alirudi baada ya siku ngapi, aliumia tena au la. Daftari hilo litakufundisha unyenyekevu kuhusu misuli ya nyuma ya paja, ambayo huumia tena hasa mchezaji anaporudishwa kabla hajakimbia kasi kamili mazoezini. Litakupa pia hoja unapobishana juu ya goti lililofanyiwa upasuaji wa kano ya mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hadi kufikia miezi 9, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa takriban nusu. Mchezaji wa mwezi wa sita anajisikia mzima. Hajawa mzima.

Kaa na mtaalamu wa fiziotherapia hata kama cheo chako ni kikubwa kuliko chake. Yeye humshika mchezaji kila siku, na huambiwa mambo ambayo daktari haambiwi.

Kabla ya kutia saini mkataba na timu, hakikisha mambo manne yameandikwa: kwamba uamuzi wa kitabibu ni wako na kocha hawezi kuutengua, taarifa gani za mchezaji unaweza kumpa kocha na zipi ni siri yake, unaripoti kwa nani, na asiwe kocha mkuu, nani anakushikia nafasi ukiwa mgonjwa au likizo. Kisha wasiliana na kampuni ya bima yako ya kitaaluma. Bima nyingi za madaktari hazigusi kazi na wachezaji wa kulipwa, au huitaka itangazwe na kulipiwa zaidi, kwa sababu kosa moja linaweza kudaiwa mishahara ya miaka mingi. Uliza kama mechi za nje ya nchi zimo, kama wachezaji wa timu pinzani unaowahudumia kwa dharura wamo, na jibu lake ulipate kwa maandishi kabla ya mechi ya kwanza.